Jumla tani 48, kikomo 50: kwa nini semi yangu imetozwa?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mzee. Nina semi moja ya ekseli sita, kichwa cha difu mbili na tela la ekseli tatu, tairi zote za nyuma mapacha. Tulipakia saruji Dar es Salaam, mifuko 640 ya kilo 50, kwenda Mbeya. Nyuma ya tela tuliacha wazi kama mita moja. Mzani wa kwanza ulisoma kwa tani: mbele 6.4, difu 17.0, tela 24.7, jumla 48.1. Tukaruhusiwa. Mzani mwingine huko mbele ukasoma: mbele 6.2, difu 16.3, tela 25.4, jumla 47.9. Hapo tukazuiwa, tukatozwa, gari likalala siku mbili. Kikomo cha gari langu ni tani 50 na njiani hatukuongeza hata mfuko mmoja. Dereva anasema mzani ule umechezewa. Je, nimeonewa? Na nifanye nini lisijirudie? Na kwa nini serikali ishughulike na nusu tani kwenye gari moja? – Mama mwenye lori, Mbeya."

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Kwanza nakushukuru kwa kuniandikia namba zote za tiketi mbili. Wengi huniandikia "nimetozwa bila kosa" na basi, namba hazipo, nabaki kubahatisha. Wewe umenipa kila kitu, na tiketi zako zinaongea zenyewe. Nimekaa kwenye chumba cha mizani miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kusimamia upakiaji. Nasikitika kukwambia kwamba kwa namba hizi mzani wa pili haukukuonea.

Tuweke tiketi mbili kando kwa kando. Jumla imeshuka kutoka 48.1 hadi 47.9, yaani kilo 200. Hiyo ni dizeli. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, kwa hiyo lita 240 zikichomwa njiani, kilo 200 zimeondoka. Tangi liko kwenye kichwa, na kweli mguu wa mbele, yaani ekseli (mhimili wa tairi) ya mbele, umepungua kutoka 6.4 hadi 6.2. Mpaka hapo mizani miwili inakubaliana vizuri kabisa. Sasa tazama nyuma. Difu, yaani ekseli mbili za nyuma ya kichwa zinazosukuma gari, zimepoteza kilo 700, kutoka 17.0 hadi 16.3. Tela limepata kilo 700, kutoka 24.7 hadi 25.4. Zile zile zilizotoka huku zimeingia kule. Mzani uliochezewa ili usome zaidi ungeongeza na jumla pia, usingekaa kuhamisha kilo mia saba kutoka kundi moja la ekseli kwenda jingine huku jumla ikitulia. Kilichohama ni mzigo wako.

Najua utasema mzigo ulifungwa na turubai halikufunguliwa. Nitarudi hapo. Kabla ya hapo tuelewane juu ya sheria, kwa sababu neno "kikomo cha gari langu ni tani 50" ndilo linalowaponza wenye malori wengi.

Tangu Machi 2019 Tanzania inatekeleza Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016. Gari lolote la kuanzia tani 3.5 linatakiwa kuingia mzani, mabasi yakiwemo. Sheria hiyo ina vikomo vya aina mbili na vyote vinakuhusu kwa wakati mmoja. Kuna kikomo cha kila ekseli au kundi la ekseli: mguu wa mbele wa usukani wenye tairi mbili ni tani 8, ekseli moja yenye tairi nne ni tani 10, ekseli mbili za pamoja zenye mapacha (tairi mbili mbili kila upande) ni tani 18, ekseli tatu za pamoja zenye mapacha ni tani 24. Halafu kuna kikomo cha jumla, na hakuna gari la kawaida linaloruhusiwa kuvuka tani 56 hata likiwa na ekseli saba. Tani 50 yako haikutoka hewani: ni 8 na 18 na 24. Ni jumla ya vikomo vitatu, na ili uifikie kihalali inabidi kila mguu ubebe fungu lake kamili, si zaidi hata kidogo. Kwa vichwa vingi nilivyovipima, mguu wa mbele haufiki tani 8, unaishia sita na nusu au saba. Kwa hiyo ile tani moja na nusu iliyobaki mbele huwezi kuichukua ukaihesabia nyuma. Kwenye karatasi una tani 50, barabarani una 48 na kidogo, na hizo pia ni kama mzigo umekaa pale unapotakiwa kukaa.

Mzani hauangalii lori, unaangalia miguu ya lori. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata.

Kuna na ile asilimia 5 ya msamaha. Sheria inaacha nafasi hiyo ya kuzidi kwenye ekseli kwa sababu mzigo hucheza na springi hazilingani. Kwa ekseli tatu za tela, asilimia 5 juu ya 24 ni tani 25.2. Mzani wa kwanza ulisoma 24.7, umezidi 24 lakini uko ndani ya nafasi, wakakuachia. Wa pili ulisoma 25.4, umetoka nje ya nafasi kwa kilo 200. Kwa hiyo, mwanangu, ulitoka Dar es Salaam ukiwa tayari umekula zaidi ya nusu ya msamaha, na ulikuwa na safari nzima mbele yako.

Asilimia hii ina historia, na wazee wa barabara wanaikumbuka. Kwa miaka mingi hapa kwetu ilitolewa pia kwenye uzito wa jumla, na watu wakaizoea kama haki: gari la tani 56 likapakiwa kwa hesabu ya 58.8. Oktoba 2013 Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, akaifuta, malori yakagoma, foleni ikajaa barabarani, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akairudisha kwa muda. Mimi nilikuwa kazini siku zile na nilizungumza na madereva waliokuwa wamelala chini ya magari yao. Hakuna hata mmoja aliyesema gari lake limezidi. Wote walisema "nimepakia kawaida", na ile asilimia 5 ilikuwa tayari ndani ya hiyo kawaida. Ndiyo maana nawasihi wote ninaowafundisha: panga mzigo kana kwamba hiyo nafasi haipo, ikusaidie siku ambayo gari limetikisika, isiwe imeshatumika getini.

Sasa turudi kwenye mifuko yako, kwa sababu hapa ndipo pesa yako ilipo.

Nitachukua vipimo vya mfano vinavyokaribia gari lako, maana namba za tiketi zako zinaoana navyo. Kichwa kikiwa kitupu tani 9: tano mbele, nne kwenye difu. Tela tupu tani 7: tano kwenye ekseli zake, mbili zinalalia sahani ya kichwa, pale tela linapokaa na kufungwa. Sakafu ya tela mita 12.5. Kingipini, ile pini ya tela inayoingia kwenye sahani, iko mita moja nyuma ya ubao wa mbele. Kutoka kingipini hadi katikati ya ekseli tatu ni mita 7.7. Na kila kinacholalia sahani, sehemu moja ya kumi inakwenda mguu wa mbele, tisa zinakwenda difu.

Tela limelala kama ubao uliowekwa juu ya mawe mawili. Jiwe moja ni kingipini, jingine ni ekseli tatu. Ukiweka mzigo karibu na jiwe moja, jiwe hilo linabeba zaidi. Hesabu yake ni rahisi: chukua umbali kutoka kingipini hadi katikati ya mzigo, gawanya kwa 7.7, zidisha kwa uzito wa mzigo. Unachopata ndicho ekseli za tela zinachobeba, ukiongeza zile tani 5 za tela tupu.

Tuseme umetandaza mifuko 640, yaani tani 32, sawasawa kutoka ubao wa mbele hadi mwisho wa sakafu. Katikati ya mzigo ni mita 6.25 kutoka mbele, yaani 5.25 kutoka kingipini. 5.25 kugawa kwa 7.7, mara 32, unapata 21.8. Ongeza 5, unapata 26.8. Umezidi kikomo kwa karibu tani tatu na jumla yako bado ni 48. Mwenye lori wa mara ya kwanza akiona hivyo hulia, na mimi namuelewa, kwa sababu kwa macho mzigo umepangwa vizuri, umenyooka, hata turubai limekaa safi.

Wewe uliacha mita moja nyuma. Ulifanya vyema, lakini haikutosha. Katikati ya mzigo ikaja mita 4.75 kutoka kingipini, tela likabeba 24.7. Ndiyo namba ya tiketi yako ya kwanza, karibu hadi nukta.

Ungeacha ngapi? Kwa tani 32, ili tela lisizidi 24, katikati ya mzigo lazima iwe mita 4.57 au chini ya hapo kutoka kingipini. Lakini ukiisogeza mbele kupita mita 4.44, difu zinazidi 18. Umeona? Kati ya 4.44 na 4.57 kuna sentimita 13. Upana wa kiganja cha mkono na kidole. Hapo ndipo katikati ya tani 32 za saruji inapotakiwa kukaa, ipakiwe usiku na vijana waliochoka, kisha ivuke matuta, mashimo na mlima Kitonga ikiwa bado palepale. Mimi siwezi kukuahidi hilo, wala sijakutana na mpakiaji anayeweza.

Punguza mifuko 40. Pakia 600, tani 30. Vikomo ni vilevile, gari ni lilelile. Sasa katikati ya mzigo inaweza kukaa popote kati ya mita 4.22 na 4.87. Nafasi imetoka sentimita 13 imekuwa 65. Umepunguza mzigo kwa asilimia 6 na kidogo, umepata uwanja mara tano. Ukiacha mita moja na nusu wazi nyuma, tela linabeba 22.5, difu 17.0, mbele 6.5 kasoro kidogo, jumla 46. Hata mzigo ukisogea sentimita kumi na tano huku au kule, hakuna anayekusimamisha. Ningekuwa mimi ndiye mwenye gari, ningepakia 600 kila safari na kulala usingizi.

Najua nauli ya mifuko 40 si ndogo kwa mtu mwenye gari moja. Chukua karatasi ufanye hesabu hii kwa bei zako mwenyewe: nauli ya mifuko hiyo kwa safari kumi, kisha upande wa pili uandike tozo uliyolipa, posho ya dereva na utingo kwa siku mbili, makuli wa kushusha na kupanga upya, na safari ambayo gari halikuifanya kwa sababu lilikuwa limelala. Na tozo zenyewe chini ya sheria hii zimepangwa kwa dola na zinapanda kadiri uzito unavyozidi, kilo za mwisho zinauma kuliko za kwanza.

Sasa, mzigo ulihamaje bila mtu kuugusa?

Kilo 700 zinaweza kuhama kwa njia mbili. Ya kwanza ni mzigo mzima kusogea nyuma sentimita 17 hivi. Hiyo hutokea kama wapakiaji waliacha pengo kati ya ubao wa mbele na safu ya kwanza, au safu zilipandishwa juu bila kufungamana. Mifuko ya saruji ni laini na inateleza, na gari linapopanda mlima mrefu kila tetemeko linaisukuma nyuma. Safu ya kwanza ikikosa ubao wa kuigemea, tayari. Sentimita kumi tu za mzigo wako wote ni kilo 400 kwenye tela. Watu hawaamini mpaka wapige hesabu.

Ya pili ni rahisi zaidi na nimeikuta mara nyingi: kuna mtu alihamisha mifuko. Kwa vipimo hivi, mifuko 11 ikitolewa mbele kabisa na kuwekwa nyuma kabisa, mita kumi, inatosha kuongeza kilo 700 kwenye tela. Kumi na moja tu. Nakumbuka semi moja ya sukari iliyorudi kwangu ikiwa imezidi nyuma, dereva akaapa kwa Mungu kwamba hakugusa kitu, na kweli yeye hakugusa. Tukapanda juu na tochi. Karibu na ubao wa mbele kulikuwa na kishimo safi, blanketi limekunjwa, kikombe cha chai na redio ndogo. Utingo alikuwa amejitengenezea kitanda chini ya turubai kwa sababu kwenye kichwa kulikuwa na abiria, na mifuko aliyoitoa aliipanga vizuri nyuma kabisa ili isimwangukie. Kijana hakujua kosa lake. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba mfuko ukihama, uzito unahama na ekseli.

Kwa hiyo zungumza na dereva wako na utingo kwa upole, usianze na lawama. Uliza kama safu ya mbele iligusa ubao, kama kuna mifuko iliyosogezwa njiani kutafuta nafasi au kuandaa mahali pa kushusha. Nina imani mojawapo ya haya utalipata.

Hilo halina maana kwamba mzani haukosei kamwe. Unaweza kukosea, na una haki ya kuuliza. Mizani ya Tanzania inahakikiwa na Wakala wa Vipimo na unaweza kuomba kuona kama uhakiki uko ndani ya muda. Jukwaa likijaa tope au mawe, namba zinaharibika. Gari likipimwa kundi kwa kundi kwenye jukwaa fupi, na njia ya kuingilia haiko tambarare, au dereva ameshika breki, uzito unavutwa kutoka kundi moja kwenda jingine. Mwambie dereva wako: ukifika juu ya jukwaa, simama taratibu, gia iwe huru, achia breki kabisa, usikanyage chochote, tulia mpaka namba zitulie. Kisha soma tiketi kabla ya kuondoka. Ukiona namba haieleweki, omba kwa heshima gari lirudiwe kupimwa hapo hapo, kabla ya kulipa na kabla ya kushusha hata mfuko mmoja. Ukishashusha, ushahidi umeushusha pia. Tiketi za vituo vilivyotangulia ndizo utetezi wako, ziwe kwenye bahasha moja ndani ya kabati la gari.

Ile mizani inayopima gari likiwa linatembea, kama pale Vigwaza, inachuja tu. Inatenga magari yanayotia shaka yaende kwenye mzani wa kusimama, na namba ya mzani wa kusimama ndiyo inayotumika kukutoza. Dereva asifadhaike akielekezwa huko.

Na tafadhali, asitoe chochote kwa mtu yeyote ili apite. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona familia zikiharibikiwa kwa jambo hili, za madereva na za wafanyakazi wa mizani. Anayekupitisha leo kwa soda amekuachia kosa lako juu ya tela, na kituo kinachofuata kinalikuta palepale. Hali kadhalika njia za panya za kukwepa kituo: kukwepa mzani ni kosa peke yake, lina adhabu yake, hata kama uzito wako ulikuwa sawa.

Kuna mbinu nyingine madereva hufundishana na ningependa usizisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwao. Kuchezea upepo wa mabegi ya tela (mifuko ya hewa inayofanya kazi ya springi) wakati wa kupima ili kundi jingine libebe. Kuingia mzani na ekseli ya kunyanyuka ikiwa chini kisha kuinyanyua baadaye barabarani. Hizi zinavunja gari lako mwenyewe. Tela ambalo begi moja limejaa na jingine limelala huteremka mlima likivutwa upande, na breki za ekseli iliyobeba kidogo hufunga tairi mapema wakati zile zilizobeba zaidi zinachemka hadi kutoa moshi. Mara mbili nimeitwa kwenye gari la namna hiyo lililopinduka. Sitaki ya tatu.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kwa nini serikali ishughulike na nusu tani kwenye gari moja. Swali la haki. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, wahandisi walijenga vipande vya barabara za majaribio na malori yakazungushwa juu yake usiku na mchana, ekseli zaidi ya milioni moja, hadi lami ikafa. Walichokigundua ni kwamba uharibifu hauongezeki sawa na uzito, unapanda kwa kipeo cha nne hivi. Ekseli ya tani 10 ukiipakia 12, uzito umeongezeka kwa asilimia 20 na uharibifu umezidi mara mbili. Mwongozo wa Tanzania wa kusanifu barabara, wa 1999, unatumia kipeo cha 4.5 na kuhesabu kila ekseli kwa kulinganisha na ekseli ya kawaida ya tani 8.16. Kwa kipimo hicho, tela lako lililosoma 25.4 badala ya 24 lilizidi kwa asilimia 6 tu ya uzito, ila lami ilihisi karibu asilimia 29 zaidi. Zidisha kwa magari yote yanayoshuka na kupanda kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa siku moja. Yale mabonde mawili ya tairi unayoyaona kwenye lami karibu na matuta na kwenye miinuko, yale yanayolikamata gari lako na kulipeleka yanakotaka, yamechimbwa kilo mia tano mia tano. Na wewe ndiye unayenunua tairi na springi kwa ajili yake.

Ukipata mzigo wa kwenda Kenya, jedwali la vikomo vya ekseli ni lilelile kwa sababu sheria ni ya Jumuiya, utakutana nalo Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Mzigo usiogawanyika, kama transfoma au buldoza, una utaratibu wake wa kibali kabla ya safari. Saruji haihusiki hapo hata kidogo. Na kama siku moja utanunua tela lenye tairi pana moja moja badala ya mapacha, usichukue hesabu ya 24 uliyoisoma hapa. Sheria inazihesabu peke yake, soma safu yake kwenye jedwali kabla ya kulipia tela.

Sasa kazi ya kufanya. Safari ijayo, kabla ya kupakia, peleka gari tupu lenye tangi lililojaa kwenye mzani, wapime mguu kwa mguu, si jumla pekee. Mizani mingi ya viwandani hutoa jumla tu, na ndiyo maana watu wanatoka getini wakiwa na cheti kizuri na kosa tele. Waombe waingize mguu wa mbele peke yake, kisha kichwa kizima, kisha gari zima, ufanye mwenyewe hesabu ya kutoa. Chukua futi kamba, pima kingipini hadi katikati ya ekseli ya kati ya tela, na kingipini hadi ubao wa mbele. Ukiwa na namba hizo tano au sita, ile hesabu ya mawe mawili niliyokuonyesha inafanya kazi kwenye gari lako halisi badala ya gari langu la mfano. Tazama pia sahani ya kichwa chako kama ina reli ya kusogea. Ikiwa inasogea, kuipeleka mbele kidogo kunaupa mguu wa usukani kazi zaidi na kuzipumzisha difu, na mguu huo una nafasi. Tela halitapungua kwa hilo, lakini utaweza kusogeza mzigo mbele zaidi bila kuogopa 18.

Kwenye makubaliano na anayekupa mzigo, andika idadi ya mifuko na mahali mzigo unapoishia, na andika kwamba akilazimisha zaidi, tozo ni yake. Wengi watakubali ukiwaambia mapema kwa utulivu. Ukiwaambia saa nane za usiku, foleni ikiwa nyuma yako, hawatakusikiliza.

Mwisho, nunua kopo dogo la rangi nyeupe ya mafuta na brashi ya inchi mbili. Ukishapata vipimo vyako, chora mstari wima ubavuni mwa tela, pande zote mbili, pale mzigo wa mifuko 600 unapotakiwa kuishia. Kwa vipimo vya mfano wangu ni mita moja na nusu kutoka nyuma. Uchore mrefu, ushuke mpaka kwenye chasisi, ili klaki aliyesimama chini na karatasi yake auone bila kupanda. Safu ya kwanza iguse ubao wa mbele, safu ya mwisho isivuke mstari, na utingo aonyeshwe sababu yake kwa macho, mfuko mmoja mkononi.